Siku Niliyoadresi Wageni

Jirani yangu huku Makindye ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini mwa Uganda. Binti yake alipokaribia kuolewa, mimi ndiye niliyemshonea gauni. Siku ya kulijaribisha, baba mtu aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba Jumamosi, kwenye karamu, nitaadresi wageni, kidogo tu. Nilikubali.

Neno hilo la Kiingereza nilidhani nalijua. Tangu nilipofika kutoka Bukavu, kila ofisi ya Kampala niliyoingia iliniuliza adresi, nami nikataja ninapoishi. Nikaona jirani ana wema, anataka wageni wajue ilipo cherehani yangu, nipate wateja.

Siku ilipofika, mshereheshaji akaniita, nikapewa kipaza sauti. Nikawasalimu watu, nikaanza kueleza njia. Mkitoka sokoni, nikasema, shukeni na barabara ya kambi mpaka kwenye bomba la maji. Hapo nikakumbuka kwamba ni penye bomba hilo mama wa bibi harusi alinikuta wiki yangu ya kwanza, sina hata ndoo, akajaza yake na kunibebea mwenyewe hadi nyumbani. Nikalisema hilo pia. Kisha duka la mkaa, ambapo bibi harusi, akiwa bado mtoto wa shule, alinifundisha kuhesabu kwa Kiganda ili nisipunjwe. Halafu mlango wangu wa bluu, unaotazamana na mlango wao. Nikawakaribisha wote, nikakaa.

Mama wa bibi harusi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ndipo makofi yakaja, nami nikashangaa, maana sijawahi kuona watu wakipigia makofi maelekezo ya njia.

Baada ya chakula nilimwuliza jirani kama nimeieleza nyumba yangu vizuri. Alinitazama, akacheka mpaka akashika meza.

“Mama, kuadresi watu ni kuongea mbele yao. Kuhutubia. Si nyumba.”

“Basi sijafanya ulichoniomba, Afande.”

“Umefanya. Kunishinda hata mimi.”

Tulicheka pamoja. Moyoni nilishukuru kwamba sikuelewa mapema. Ningejua ni hotuba, ningekataa kusimama.

Jumatatu walikuja wanawake wawili na vitambaa vyao, bila kumwuliza mtu njia. Mmoja, kabla hata sijampima, aliomba nimwonyeshe yule mama wa ndoo. Tukavuka uchochoro, tukamkuta anaanika mbegu za simsim uani. Akatuvutia viti.