Sufuria ya Alumini na Jicho la Baba Mkwe

Kosa ni langu. Si la soda ya sabuni, si la shetani, ni langu mimi! Naandika haya kwa siri, maana watu wa boma hili wakijua ukweli sijui nitakimbilia wapi.

Niliolewa hapa karibu na Kebirigo, miaka michache baada ya Uhuru. Siku ya harusi kaka yangu anayefanya kazi mjini aliniletea sufuria ya stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu. Wee! Nzito, na ukiigonga kwa kijiko inalia kama kengele. Niliiweka juu ya kabati, mgeni akiingia aione kwanza. Nilikuwa na majivuno, wacha niseme tu.

Kazi zote zilifanywa na sufuria ya alumini. Hiyo ni nyepesi, na chai inachemka upesi kuliko kwenye stenlesi. Lakini ikianguka inabonyea, na nikipika chinsaga, zile mboga zetu chungu, kwa magadi inabaki nyeusi ndani. Laiti ningefikiria hapo tu! Kama magadi kidogo yanaiharibu hivyo, je, kitu kikali zaidi?

Basi kikundi chetu cha akina mama kikafundishwa kutengeneza sabuni kwa mafuta na kostiki, ile soda kali inayochoma ngozi. Mwalimu wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alinishika bega mbele ya wote.

"Wewe una stenlesi, tumia hiyo. Alumini usijaribu. Kostiki inaila, inachemka yenyewe bila moto."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Nikafika nyumbani, nikaitazama sufuria yangu. Niitie kostiki? Ikichubuka je? Nikajiambia, aah, huyu mama anapenda kututisha, kwani zote si zinang'aa? Nikachukua ya alumini.

Niliiweka uani, nikatia maji, nikamimina kostiki, nikafunika kwa sababu harufu ilinikaba koo. Halafu nikaingia jikoni kuyeyusha mafuta. Nilisikia kitu kikifoka, nikadhani ni kuni mbichi za jikoni.

Baba mkwe alikuwa anarudi kutoka shamba la majani chai. Akasikia sufuria inanguruma na chini hakuna moto. "Kuna nini hapa?" akauliza, si kuniuliza mimi, anauliza hewa tu. Akainama, akafunua.

Povu jeusi likamrukia usoni! Mzee akaanguka magoti, mikono machoni.

"Maji! Macho yangu! Leteni maji!"

Nikatoka jikoni mbio. Ndoo ya maji ilikuwa imejaa, karibu na mguu wangu.

Wakisii wenzangu, mnaijua chinsoni, ile heshima ya mke wa mwana na baba mkwe. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Sasa mimi nimshike mzee kichwa? Nimfungue macho kwa vidole vyangu? Niliganda! Niliogopa laana, nikaogopa majirani, nikaogopa kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kinamchoma mbele yangu. Nikakimbia kumwita mama mkwe kule migombani, nikamwacha mzee anapapasa chini akitafuta ndoo.

Mama mkwe alikuja mbio, akamshika, akammwagia maji, akammwagia tena. Akanigeukia. "Ulikuwa unangoja nini, mwanangu?"

Nikaikamata ndoo tupu, nikakimbia kuteka maji mengine.

Daktari kule Kisii alisema kama maji yangemfikia mapema, macho yote mawili yangepona. Limepona moja. Lingine limekuwa jeupe, halioni kitu. Na ile sufuria, tulipoimwaga, ilikuwa imelika kila mahali mpaka ikatoboka.

Nikasema uongo. Nilisema mwenye duka aliniuzia kostiki mbovu! Wazee wa boma walipokutana na kuuliza kwa nini sufuria ilitoboka, mzee mwenyewe akanitetea: "Mwacheni huyo mtoto. Hakujua. Kwake sufuria ni sufuria."

Nyasae, Mungu wangu! Nilijua. Niliambiwa mbele ya watu. Kila nikisikia hodi, nachungulia kwanza: leo ni mwalimu, au mama mmoja wa kikundi, amekuja kumpa mzee pole, atasema niliyoambiwa.

Na mzee bado ananiheshimu. Tukikutana njiani anageuza uso asinitazame, kama desturi inavyotaka. Jicho zima linaangalia migomba. Lile lililokufa ndilo linalobaki upande wangu.

Dada zangu, kostiki na alumini visikutane, nawaomba! Na ukimwona mtu anaungua, mshike. Awe mkwe, awe nani, mshike, mmwagie maji, hayo ya aibu mtazungumza baadaye akiwa na macho yake.

Ile stenlesi bado iko juu ya kabati. Haina hata mkwaruzo.