Nakala ya Mama Mkwe

Mama Pindo, fundi wa sare za shule, aliogopwa na wateja wote wenye maneno mengi. Lakini siku hiyo, mbele ya dirisha la karani wa rufaa, aliongea kwa sauti ya chini.

"Waliotajwa kwenye hukumu ni watatu," karani alisema, akipekua bahasha ya Mama Pindo. "Shemeji yako amesaini. Ofisi ya ardhi wamegonga muhuri. Huyu bibi je?"

"Huyo ni mama mkwe wangu. Tunaishi nyumba moja, tunakula sahani moja."

"Sheria haili na mtu, mama. Kila anayeguswa na rufaa apewe notisi, aweke sahihi au dole. Leo ndiyo siku ya mwisho, na tunafunga saa tisa na nusu. Ukichelewa rufaa inatupwa, na nyumba ndiyo basi tena."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro robo. Alitoka mbio; kufika nyumbani tu ni zaidi ya saa moja.

Kosa lake lilikuwa la adabu, maana adabu nayo huponza. Tangu lini mtu akamkabidhi mkwewe karatasi ya mahakama? Kwa hiyo nakala ile aliifukia chini ya vitambaa kabatini siku kumi na tatu, akijiambia kwamba bibi ni mtu wa upande wake. Kumbe kwenye karatasi hakuwa wa upande wake hata kidogo. Shemeji, yule mwenye ulimi wa asali, alimpelekea mama yake fomu akasema ni ya matibabu, bibi akabandika dole. Ilikuwa hati ya madai, ya kumtoa Mama Pindo, mjane wa kaka yake, ndani ya nyumba. Shemeji akashinda, na bibi akashinda naye, bila kujua kwamba ana kesi.

Mama Pindo hakumwambia. Miezi saba alikuwa akimeza tu. Sasa njiani aliogopa mambo mawili. Bibi alikuwa mgonjwa wa moyo. Akijua alichofanya, huenda asiamke kesho. Na asipokufa, huenda akamchagua mwanawe. Damu ni nzito kuliko maji, na yeye Mama Pindo alikuwa maji.

Alimkuta bibi kitandani anachambua vifungo vya sare.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

Akaichomoa nakala kabatini, akapiga magoti, akaisoma notisi yote. Alipofika kwenye majina, bibi aliinua mkono.

"Hapo. Rudia."

Akarudia.

"Kwa hiyo na mimi umenishtaki."

"Wewe ndiye uliyenishtaki, mama. Ile fomu ya matibabu."

Bibi aliviacha vifungo. Akakitazama kidole gumba chake kwa muda mrefu, na Mama Pindo akawa anasikiliza pumzi zake tu, moja baada ya nyingine.

"Niliweka mwenyewe," bibi akasema mwishowe. "Sikulazimishwa. Alikuja na soda, tukacheka."

"Alikudanganya."

"Na hii ya leo nitajuaje kwamba hunidanganyi?"

Mama Pindo alitaka kuapa, akakumbuka kwamba shemeji naye angeapa.

"Huwezi kujua, mama. Labda tumwite mtu unayemwamini akusomee."

"Muda upo?"

"Haupo."

Bibi akauliza, "Ukishinda, mimi nitakuwa nimeshindwa?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Na mwanangu?"

"Na yeye."

Bibi akakifuta kidole kwenye gauni lake, akakibonyeza kwenye kidau cha wino alichosogezewa. Mama Pindo akamshikia karatasi.

"Basi utushinde, mwanangu," alisema. "Utushinde wote wawili."