Posa kwa Kihispania

Kihispania nilijifunzia Kuba, nilikopelekwa na serikali kusomea mifugo. Ndiyo maana hadi leo naweza kueleza ugonjwa wa kiwele kwa Kihispania safi kabisa, lakini nikitaka kuagiza supu nasitasita. Shamba la umma lililoniajiri lilipobinafsishwa, nilipunguzwa kazini, nikabaki na cheti, gambuti na lugha ambayo Arusha nzima hakuna aliyeihitaji.

Kisha watalii wa Kihispania wakaanza kuja. Tajiri mmoja wa Kichaga, aliyeacha kuuza spea akafungua kampuni ya utalii, aliniita niwafundishe madereva wake watano. Darasa lilikuwa chumba nyuma ya gereji yake, Sokon One, kila siku saa kumi jioni. Alinipa miezi mitatu.

"Siku ya mwisho nitamleta Mhispania wa kweli," aliniambia. "Wakiongea naye, unaendelea. Wakikaa kimya, dada, tutaagana kwa amani."

Kazi nyingine sikuwa nayo, na nilikuwa nimechoka kula kwa shemeji.

Kitabu changu kilikuwa na mada za maongezi kwa wanaoanza. Ya kwanza: wikiendi unafanya nini? Nilimuuliza mkubwa wao, mzee wa Kimeru mwenye kahawa na migomba yake kule mlimani, ambaye kila siku nilimwamkia shikamoo kabla ya kumsahihisha. Akafikiri. "Trabajo," akasema, yaani nafanya kazi. Wenzake wanne nao wakasema trabajo. Mada ikaisha kabla sijakaa. Eleza nyumba yako. "Grande," wakasema, kubwa, basi. Unapenda kufanya nini ukipumzika? Wakatazamana kana kwamba nimewauliza siri za ndoa zao. Nikadhani familia itaniokoa, nikauliza kila mmoja ana watoto wangapi.

"Mwalimu," mzee akanijibu kwa Kiswahili, kwa upole, "watoto hawahesabiwi."

"Basi sema kama unao."

"Wapo."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilikikasirikia kitabu, nikawakasirikia wao, nikajikasirikia na mwenyewe. Nilijaribu hali ya hewa, nikajaribu mpira, nikajaribu chakula, na kila mada waliizika kwa neno moja. Mwezi wa pili ukaisha hivyo.

Jumatano moja mzee akaomba ruhusa ya Jumamosi. Alikuwa mshenga wa mpwa wake, wanakwenda Usa River kuposa. Weee! Watu waliokuwa wanasinzia wakaamka wote.

"Usianze na habari ya binti, mzee. Anza na mvua."

"Sema mmepotelewa na ndama, nyayo zimeingia kwao."

"Na wakisema hawajaona ndama?"

"Omba maji ya kunywa, ukae! Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Walibishana dakika ishirini, wamesimama, wanapiga meza. Nami nimesimama na chaki yangu, naona wivu.

Halafu nikasikiliza vizuri. Ndama. Rangi. Namba. Tafadhali, hapana, kesho, maji. Yote tulikwishayasoma! Posa nzima ni Kihispania cha mwezi wa kwanza, kwa sababu mshenga hodari halitaji jambo lenyewe hata siku moja.

"Haya," nikasema, "sasa kwa Kihispania."

Tangu siku hiyo kitabu sikukigusa. Walijigawa, upande wa kijana na upande wa binti, wakasemezana mpaka mafundi wa gereji wakawa wanachungulia dirishani. "Buscamos una vaca," mzee anaanza, tunatafuta ng'ombe. "No hay vaca," wanamjibu, hapa hakuna ng'ombe. Mzee alinuna kwa Kihispania, akaaga kwa Kihispania, akarudishwa kutoka mlangoni kwa Kihispania.

Siku ya mtihani bosi alikuja na mgeni, mzee wa Kihispania mwenye kofia ya majani, ametoka mbugani. Nilikuwa nimewaomba madereva wamsalimie tu na kumuuliza safari. Mzee wetu akasimama, akasalimia, akaisifu mvua, kisha akamtazama mgeni usoni akamwambia wanatafuta ng'ombe.

Nilifumba macho.

"Wa rangi gani?" mgeni akauliza kwa Kihispania.

"Mweupe."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani kwako."

Mgeni akaangua kicheko. Alikuwa ameelewa kwamba ng'ombe huyo ni binti. Akavuta kiti, akavua kofia, akakana kwamba ana ng'ombe. Wakasogea. Akakataa mbuzi sita. Akadai na blanketi. Nusu saa nzima nilikaa nimeshika tama, sijui nicheke au nitoroke.

Bosi, asiyejua hata neno moja, akaninong'oneza, "Wanasema nini?"

"Wanazungumzia wanyama."

"Safi sana. Biashara yetu ni wanyama." Akasikiliza tena. "Lakini ng'ombe hata kwao wapo. Mwakani uwaongezee twiga."

Mwakani! Nilishika meza nisije nikapiga vigelegele mbele za watu.

Bosi alipotoka kuangalia magari yake, mgeni alinisogelea. Hakuwa anacheka tena. Aliniambia kwamba kwa siku kumi ameonyeshwa simba na ametajiwa majina ya ndege, lakini hakuna aliyemuuliza kama ana mtoto. Anaye mmoja, wa kike. Waligombana, na miezi minane sasa hawazungumzi. Kila akishika simu anakosa pa kuanzia.

"Sasa ninapo," akasema. "Nitamwambia wamekuja watu kumposa."

Akavaa kofia yake, akaniomba nimpeleke mahali pa kupigia simu ya nje.