Maji Hupimwa kwa Kiwiko

Nakumbuka siku moja babu yako alirudi nyumbani ameshaoga.

Usicheke, mwanangu. Najua hata mwanamke wa leo angekuwa na maswali mawili matatu. Lakini wakati wetu jambo hilo halikuwa la kuuliza, lilikuwa la kulia. Mume alioga maji ya mkewe. Mke ndiye aliyejua yawe moto kiasi gani, ndiye aliyeyapeleka bafuni, ndiye aliyesimama nje na kuuliza, "Yametosha?" Ukisikia mwanamume ameoga kwingine, ujue kuna jiko jingine linalomjua.

Juzi uliniuliza, "Nyanya, nyumba yangu ya Yamumbi niiwekee maji ya moto ya namna gani, ya kuni, ya stima, ama ya jua?" Nikakuambia ungoje. Jibu ninalo, ila nililipata kwa njia ya wivu, na wivu hausimuliwi haraka. Sogeza kiti.

Tuliishi katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Plateau, miaka ile ya baada ya vita vya Hitla. Tulikuwa tumetoka Maragoli, mimi, babu yako Yohana na mama yake mzazi. Yohana aliendesha trekta. Jioni alirudi mweusi kwa mafuta na vumbi la ngano, na baridi ya Uasin Gishu unaijua wewe, haimwachi mtu aoge maji ya kisima akabaki na heshima yake. Kwa hiyo kila siku nilitafuta kuni. Miti ya miwati ilituzunguka pande zote, lakini miti ilikuwa ya Kaburu na magome yake yaliuzwa. Sisi tuliachiwa vijitawi vilivyobaki baada ya miti kuambuliwa. Nilitembea, nikainama, nikabeba, nikapuliza moto hadi macho yakawa mekundu.

Lakini nilijivuna, usinielewe vibaya. Moshi ukipanda kwangu jioni, shamba zima lilijua kwamba Yohana ana mke.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Rael, mjane, mwenyeji wa huko huko. Mumewe alikuwa seremala wa shamba, na alipokufa alimwachia watoto na sanduku la zana. Rael alikuwa mrefu, shingo yake ndefu, na akicheka unaona mwanya kwenye meno ya juu. Mpaka leo nikimtaja ulimi unakuwa mzito. Jumapili watoto wake walikuja kanisani waking'aa kama mayai yaliyooshwa, na kwake moshi ulipanda wakati wa chakula tu. Watu walijiuliza anawaogesha na nini. Wengine wakasema ana dawa. Mimi niliwaacha waseme, nikawaongezea chai.

Sasa jioni hiyo maji yangu yalikuwa yanachemka. Yohana akaingia, nywele mbichi, ananukia sabuni ambayo si yangu.

"Leo usijisumbue, Berita. Nimeoga."

"Umeoga wapi?"

"Kwa Rael. Hii maji yake iko moto kweli kweli, na hakuna moto! Inapashwa na jua!"

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeniletea habari njema. Alikuwa amesikia habari za maji hayo, akapita kuyaona. Rael hakuwako, alikuwa kwa mkutano wa akina mama, watoto wakamwonyesha, naye akataka kujua kama yanatosha mtu mzima. Wanaume wana upumbavu wao, mwanangu. Si ubaya. Ni upumbavu tu, lakini unauma vilevile.

Nilichukua sufuria nikamwaga maji yote juu ya moto. Jivu likapanda hadi darini. Kisha nikafunga nguo zangu ndani ya leso, nikaliweka furushi nyuma ya mlango. Nilikuwa narudi kwetu.

Ila mwenye wivu haondoki kabla ya kuona. Kesho yake jua likiwa utosini nilikwenda kwa Rael, nimefunga kiuno kabisa. Nilimkuta anachambua mboga.

"Nimekuja juu ya mume wangu," nikasema.

"Hata mimi nilitaka kuja kwako," akanijibu. "Nilikuta bafu imelowa na sabuni yangu imekwisha. Mwambie bwana yako alete sabuni."

Akaniangalia, akacheka na ule mwanya wake, akanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba. Pale chini ya ukuta palikuwa na sanduku la mbao, na juu yake kioo cha dirisha. Akainua kioo, akafunua debe moja. "Weka kiwiko."

Nikaweka. Nikautoa mkono mbio.

Ee Mungu wangu, nilivyotamani maji yale yawe baridi! Hata yangekuwa vuguvugu ningerudi nyumbani nimeshinda. Yalikuwa moto, bila moshi, bila jicho jekundu, bila mgongo kuuma. Hapo wivu wangu ukazaa pacha. Wa kwanza ulikuwa wa mume, na wa pili ukawa wa maji. Ningeweza kumwuliza ameyafanyaje. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyeviunda alikuwa amesimama mbele yangu. Lakini mdomo ulikataa, nikageuza shingo nikaenda zangu.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu jana yake alikuwa anatusikia, huku akimenya maharagwe kama kwamba hayupo. Jioni ile alituita wote wawili.

"Yohana," akasema, "mwanangu, maji hupimwa kwa kiwiko. Hayapimwi kwa mwili mzima."

Yohana akainamisha kichwa.

"Mkeo amekupashia maji tangu siku uliyomleta. Sasa wewe utampashia yeye. Tengeneza kitu kama cha yule mama, na wa kwanza kuoga atakuwa Berita."

Mambo yangeishia hapo, mwanangu, kama moyo wangu ungekuwa mzima. Yohana alianza kutafuta madebe. Nikamwuliza, madebe ya nini? Rael ana madebe, na mimi niwe na madebe? Mimi nataka pipa. Pipa zima, lile kubwa la mafuta ya trekta. Akasema pipa ni kubwa mno kwa watu watatu, jua halitalimaliza. Nikamwuliza kama hayo nayo aliyajua alipokuwa anaoga kwa watu. Akaleta pipa.

Alilisugua kwa mchanga na jivu hadi harufu ya mafuta ikatoka, akalipaka lami likawa jeusi ti. Akataka kuliweka nyuma, upande wa macheo. Nikakataa. Nikataka liwe mbele, kando ya njia ya kisimani, ambapo Rael alipita kila asubuhi. Mahali penyewe palikuwa chini ya miwati, lakini ningejali nini? Yohana akataka kulizungushia majani makavu ya ngano kama alivyoona kule. Nikamwambia majani ni ya ng'ombe kulalia.

Basi pipa likasimama, kubwa, jeusi, zuri. Jioni tukachota maji, yakawa baridi. Nikasema bado halijazoea. Siku ya pili, baridi. Siku zilizofuata yalipata uvuguvugu wa mate, mvua ya alasiri ikishuka yanapoa tena. Yohana alioga hivyo hivyo akitetemeka. Rael akapita na mtungi wake. Akaliangalia pipa kutoka chini hadi juu, akaangalia na kivuli cha miwati, akasema, "Hamjambo hapa," akaenda. Nilijua amecheka. Sikumsikia, lakini nilijua.

Furushi langu bado lilikuwa nyuma ya mlango, na usiku nilifikiria njia ya kwetu.

Asubuhi moja mama mkwe akatoka nje, akalizunguka pipa polepole. Akatia kiwiko. Akakipangusa kwa kanga.

"Berita, hili pipa umemwekea nani?"

"Yohana, mama."

"Hapana. Umeliweka mahali Rael ataliona. Hukuliweka mahali jua litaliona. Sasa nani atakupashia maji? Rael?"

Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi katika maisha yangu, na wengine walipiga kelele. Yule mama hakupaza sauti. Lakini nilisimama pale nikajiona niko uchi kando ya njia. Wakubwa husema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilikuwa nimekwenda mbali zaidi, nimeisafiria shingo yake.

Niliingia ndani nikachukua mche wa sabuni, mzima, ambao haujakatwa. Nikaenda nao kwa Rael. Nakuambia, njia ile fupi ilikuwa ndefu kuliko ya Maragoli. Nikamkabidhi. Akaupokea, akaunusa, akaugeuza, ananitesa tu.

"Hii ni kubwa kuliko ile aliyomaliza," akasema.

"Iliyozidi ni ya mimi kuuliza," nikasema.

"Basi kaa, mama."

Akanieleza, akijisikia sana, na ilibidi nivumilie. Akasema jua la Uasin Gishu ni mgeni wa asubuhi, ukichelewa kumfungulia ameshaenda. Saa nane saa tisa mawingu yanakuja kufunga duka. Kwa hiyo sanduku lielekee macheo, mahali hapana mti. Madebe yawe ya kadiri ya watu wa nyumba, yapakwe nyeusi. Chini na pembeni shindilia majani makavu ya ngano, juu weka kioo, na ukiona wingu la kwanza funika yote kwa magunia. Joto ukishalipata ni kulilinda, akasema, maana baridi ya hapa ni mwizi.

"Na siku za mvua?" nikamwuliza.

"Siku za mvua washa moto. Kwani nani amekukataza?"

Jumamosi Yohana akatengeneza sanduku, nyuma ya nyumba. Jumapili tulipotoka kanisani hakulala kama kawaida yake. Alikaa kwenye kigoda akilinda mawingu, na wingu la kwanza lilipotokeza upande wa milima akakimbia na magunia, wenzake wakimcheka kutoka barabarani. "Yohana analaza debe!" wakasema. Mvua ikanyesha, ikakatika. Jioni akafunua, akatia kiwiko, akatabasamu. Akachota ndoo, akaibeba mwenyewe hadi bafuni mbele ya macho ya kila mtu, akaniita:

"Berita, maji yako tayari."

Tangu mama yangu aache kuniogesha, hakuna mtu aliyekuwa amenipashia maji. Nilioga hadi vidole vikakunjamana. Nikamsikia amesimama nje, anakohoa kidogo, anauliza, "Yametosha?" Sikuweza kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia, na kwenye maji hakuna anayejua.

Nilipotoka nilihitaji gauni safi. Magauni yangu yote yalikuwa ndani ya furushi, nyuma ya mlango. Ikabidi nilifungue.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Kabla ya fundi kupanda juu ya nyumba yako, kaa siku nzima uone jua linaingilia wapi na mti wa jirani unatupa kivuli saa ngapi. Weka chombo cha kadiri ya watu wako, usitazame cha jirani. Kikubwa mno kitakupa maji mengi ya kutetemekea. Tangi lake na mabomba yake yafunikwe vizuri yasiibiwe joto jioni. Stima uiweke, ndiyo, iwe akiba ya Julai mvua ikikaa wiki, lakini usiiamshe kufanya kazi ambayo jua linaifanya bure. Huyo mchumba wako mwambie nimesema maji hupimwa kwa kiwiko.

Na wivu ukikushika, usiseme haupo. Uulize unataka nini. Mara nyingi unataka maji ya moto tu, nayo yako kwa jirani, na jirani anangojea sabuni. Rael hakuwa rafiki yangu hata mwisho. Nilipojifungua mama yako, yeye ndiye aliyeleta debe la kwanza la maji. Sipendi kusema alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu akupe jua la asubuhi mbele ya nyumba yako, na mtu wa kukufunikia maji kabla ya mawingu. Yawe moto kila jioni, na wa kwanza kuoga uwe wewe.