Kufuli Alilolibuni Dorika

Dorika Kitundu alikuwa mwandishi wa hadithi, ingawa kwa kumtazama usingemdhania. Asubuhi hadi mchana alikaa barazani kwa fundi cherehani karibu na posta ya Singida, mbele ya taipureta, akiwapigia watu chapa maombi ya kazi na mikataba ya viwanja. Taipureta yenyewe aliinunua katika shirika la umma alikokuwa ameajiriwa, siku lilipofungwa na wao wakapunguzwa kazi. Wenzake walinunua viti na mapazia.

Mimi naitwa Ritha. Miaka ile nilikuwa nahudumu maktaba, na Dorika alikuwa kwangu dada kuliko rafiki. Alasiri aliifunika taipureta kwa kitenge, akaja kukaa meza ya nyuma, karibu na rafu za riwaya, akaandika kwa mkono mpaka nianze kufunga madirisha. Jumamosi tulikwenda sokoni kwa kaka Urbano, aliyetandaza magazeti na vitabu vikuukuu juu ya turubai, kati ya wauza vitunguu na wauza mitumba. Urbano alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Manyoni. Alisoma kila alichouza, na kila alichosoma alikilalamikia. Dorika alitusomea sura mpya, Urbano akaomba maiti waongezwe, mimi nikaomba wapenzi wasiachane, naye akacheka, akaenda kuandika alivyotaka mwenyewe.

Ndipo magazeti ya watu binafsi yakaanza kumiminika. Kila mwezi ulisikia jina jipya. Dorika alipeleka hadithi kwa moja lililoitwa Tarumbeta, wakaipenda, ikawa inatoka kila wiki kwa jina la D. Kitundu. Wasomaji walidhani ni mwanamume. Siku basi lilipoleta gazeti, Urbano alikuwa amemaliza nakala zote kabla ya saa sita.

Hadithi ilimhusu meneja wa ghala la ushirika. Huyu aliuza alizeti ya wakulima kwa siri, na aliposikia wakaguzi wanakuja, akalichoma ghala. Mlinzi aliungulia ndani. Watu wakaambiwa kwamba mlinzi alilala na jiko la mkaa, moto ukashika magunia. Lakini Dorika aliandika kwamba meneja alimfungia kwa nje, kwa kufuli, kwa sababu mlinzi aliyaona magunia yakipakiwa. Miaka ikapita, biashara ikawa huria, meneja akanunua mashine ya kukamua mafuta na kuitwa mheshimiwa.

Sehemu yenye kufuli ilitoka mwezi wa nane, wakati upepo wa Singida unapopuliza vumbi mpaka ndani ya chai. Siku chache baadaye Urbano akaja maktaba, ameacha vitabu vyake kwa jirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliongea kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa watatu tu. Kuna mtu alikuwa amefika kwenye turubai lake na kuuliza D. Kitundu anakaa wapi. Urbano alijibu kwamba hamjui. Mtu yule akanunua nakala zote za Tarumbeta zilizobaki, akaondoka nazo. Muuza vitunguu ndiye aliyemtambua: ni Antipasi, mwenye mashine ya alizeti huko njia ya Misigiri. Tena akaongeza kwamba zamani mzee huyo alikuwa mkuu wa ghala la ushirika katika kijiji kimoja cha huko Iramba, na ghala hilo liliungua. Mlinzi alikufa humo. Jiko la mkaa, walisema.

Dorika aliketi polepole kama mtu anayepapasa kiti gizani. Alitwambia hajawahi kukisikia kisa hicho, na mimi nilimwamini, maana kijiji chenyewe hakukijua hata kwa jina. Hadithi ilimjia sokoni, alipokuwa akinusa mashudu ya alizeti yaliyoungua kidogo. Kufuli aliliweka kwa sababu hadithi bila kufuli ilikuwa inalegea.

Tangu siku ile hofu ilihamia kwetu. Pikapu nyeupe ilianza kuegeshwa ng'ambo ya barabara, mbele ya baraza la fundi. Dereva hakushuka. Ilikaa, ikaondoka, kesho yake ikarudi. Dorika alikosea herufi hata katika majina ya wateja. Akihisi mtu nyuma yake aligeuka mpaka shingo ikamuuma. Nilimhamishia chumbani kwangu, tukawa tunasogeza kabati mlangoni kabla ya kulala. Paka akitembea juu ya bati, sote wawili tunaacha kupumua.

Kisha Antipasi akaja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, na maktaba ilikuwa tupu isipokuwa Dorika mezani pake na mimi niliyekuwa nyuma ya rafu nikirudisha vitabu. Niliona viatu kwanza, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, vikipita taratibu. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Dorika. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwenye kofia ya kitambaa. Hata katika hofu ile Dorika hakusahau adabu. Alimwamkia shikamoo.

"Marahaba," alijibu mzee. "Kumbe Kitundu ni mama. Mimi nilikuwa natafuta mwanamume." Akavua kofia, akaiweka juu ya karatasi za Dorika. "Nani alikuambia habari ya kufuli?"

"Hakuna aliyeniambia, mzee wangu. Nilibuni."

"Kitu kama kile hakibuniwi. Yupo aliyeona. Nitajie jina lake tu, mimi na wewe hatutakuwa na neno."

Nikiwa nyuma ya rafu, niliacha kupanga vitabu. Mtu aliyesingiziwa angeuliza kwa nini umenisingizia. Huyu alitaka kujua nani aliona. Nadhani Dorika naye alielewa papo hapo, kwa sababu aliacha kumtazama usoni, akabaki anaitazama ile kofia. Alirudia kwamba alibuni. Mzee akauliza hadithi imebakiza sehemu ngapi, akajibiwa mbili.

"Basi andika kwamba lilikuwa jiko," alisema. "Kalamu ni yako, nani atakukataza?" Alisimama, akachukua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Lile baraza la posta liko wazi sana, mama. Upepo wote ule. Moto ukishika pale, nani atauzima?"

Alipotoka, nilimkuta Dorika ameshikilia ukingo wa meza, na ilinibidi nimbandue vidole kimoja kimoja.

Tulikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kweli tunataka kumshitaki mtu kwa hadithi aliyoitunga mlalamikaji mwenyewe. Hakutukejeli, alishangaa tu, na nje ya kituo tulikiri kwamba hata sisi tungeshangaa.

Urbano, yule mpenda maiti, alimsihi aandike jiko. Mimi pia nilimsihi. Dorika akakubali, akaipiga chapa sehemu mpya ambamo mlinzi anasinzia kando ya mkaa na meneja analia kwa majonzi. Akaitia katika bahasha, akaenda nayo stendi kumkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam. Akarudi nayo. Akaenda tena siku iliyofuata, akarudi nayo. Nilipomuuliza, alisema kila akifika stendi anamwona yule mlinzi, na mlinzi anagonga mlango. Mwishowe alituma ile aliyoiandika tangu mwanzo, yenye kufuli na yenye meneja kufikishwa kortini. Asikudanganye mtu kwamba alifanya hivyo kwa ujasiri. Alipotoka stendi alitapika kando ya barabara mpaka akina mama wauza karanga wakamletea maji.

Gazeti lilipotoka, Antipasi hakuonekana, na huko kutoonekana kulitutisha kuliko pikapu. Alfajiri moja baraza la fundi likaungua. Taipureta ilikuwa kwangu, lakini fundi alipoteza cherehani na nguo za watu. Hakuna aliyekamatwa. Fundi alimwambia Dorika kwa upole asirudi tena pale.

Wakati huo huo, katika wiki ambayo Dorika hakuthubutu hata kwenda kisimani peke yake, akaja msichana maktaba kumwulizia. Dorika alijificha chooni. Mimi ndiye niliyemhoji yule msichana pale mlangoni. Aliitwa Flora, alitoka Kinyangiri, na miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Marehemu baba yake aliitwa Marko. Alikuwa mlinzi wa ghala. Nikaenda kumtoa Dorika.

Flora alimwamkia, akakaa, akauliza swali lile lile kwa maneno karibu yale yale: nani alikuambia kuhusu kufuli? Dorika akajibu kwamba hakuna, na kama mzee, msichana naye hakuamini. Alisema mama yake, Esta, ndiye aliyefika wa kwanza kwenye majivu asubuhi ile. Alilikuta kufuli bado limening'inia kwenye komeo, limefungwa. Alipolitaja, kiongozi mmoja wa kijiji alimwambia anyamaze kama anawapenda watoto wake. Akanyamaza, akahamia kwa kaka zake Kinyangiri, hakumwambia hata bintiye, mpaka Flora alipomsomea gazeti lililofungiwa sukari dukani. Mama alianguka chini.

Sasa tulikuwa na shahidi, na maneno ya Antipasi tuliyasikia wawili. Safari hii polisi waliandika. Mzee akakamatwa, kesi ikaanza, na kwa muda wote iliposikilizwa Dorika alitembea katikati yangu na Urbano kama mgonjwa. Kortini aliulizwa mara nyingi alijuaje, na kila mara alijibu kwamba hakujua. Watu walicheka. Mwishowe Antipasi aliachiwa: kufuli halikupatikana, miaka ilikuwa imepita mingi, na swali lililoulizwa maktaba halitoshi kumtia mtu hatiani. Alitoka pale akapita karibu yetu, wala hakutuangalia.

Lakini wakulima walikuwa wameacha kumpelekea alizeti. Hakuna aliyewaamuru. Walipita na mikokoteni yao mbele ya mashine yake, wakaenda kukamua mbali zaidi. Haukupita mwaka akaiuza mashine, akahama, wengine walisema upande wa Tabora. Dorika hakufurahi. Alisema mtu unayejua aliko unaweza kumwogopa upande mmoja, lakini huyu sasa inabidi amwogope pande zote. Mpaka leo hakai na mgongo kwenye mlango. Anaandika bado, na kabla ya kuandika ubaya wowote hutuuliza kama umewahi kutokea mahali. Tutajuaje?

Kuna siku moja ya wakati wa kesi ambayo naikumbuka kuliko hukumu. Mama Esta alikuwa amekuja mjini kutoa ushahidi. Hakujua kusoma, akamwomba Dorika amsomee hadithi yote. Walikaa meza ya nyuma tangu saa nane. Dorika alisoma, mama akasikiliza, mikono ameipakata. Walipofika ghalani, Dorika akasita. Mama akamwashiria aendelee. Katika hadithi, mlinzi anazidiwa na moshi kabla moto haujamfikia, analala kama mtu aliyechoka.

Mama Esta aliomba pale parudiwe. Kisha akauliza, "Mwanangu, ndivyo ilivyokuwa? Alilala tu?"

Nilimtazama Dorika. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Sijui, mama," alisema. "Niliandika hivyo kwa sababu niliogopa kuandika vingine."

Upepo ulitikisa vioo vya madirisha. Mama akajifunga vizuri kilemba chake, akasogeza kiti karibu na Dorika mpaka mabega yao yakagusana, akamwambia asome tena.