Hasira Aliyoitoa Sylus Kando ya Galana

Ukipanda Mbololo leo ukauliza nyumba ya Sylus, hutamaliza swali kabla hujaonyeshwa, na anayekuonyesha atataka kuhakikisha: "Yule wa boti?" Ndiyo, yule wa boti, ingawa ni karibu miaka miwili hajakanyaga boti yoyote. Habari zake zimesemwa sana huko chini Voi, na kila anayezisema anaacha kipande. Kaeni basi niwape zote, na zile za kumwaibisha pia, maana bila hizo hamtamwelewa.

Sylus ni mtoto wa mlimani. Sisi huku maji tunayajua ya mfereji na ya kuchota. Ya kuogelea hatuna. Alifika miaka ishirini na sita hajawahi kulowa juu ya magoti ila kwa mvua. Ndipo ikaja kampuni moja ya safari pale Voi, ikitafuta watu wenye mabega ya kubeba boti kuzunguka maporomoko ya mto Galana, mahali ambapo hakuna boti inayopita. Zilikuwa kayaki, zile nyembamba kama ganda la haragwe, mtu mmoja ndani, kafi lenye bapa huku na huku. Na wageni wake hawakuwa wale wa kukaa wakipigiwa makasia huku wanapiga picha. Walikuwa watu waliokwisha kuzoea maji, wanakuja na helmeti zao. Siku tano mtoni, jioni wanapiga hema kwenye mchanga chini ya miti ya mikoma, asubuhi wanaendelea, hadi watokee upande wa pili wa mbuga ya wanyama.

Miaka miwili Sylus alibeba boti begani. Wa tatu akamwomba mkubwa wake amfundishe kuogelea. Alijifunza katika bwawa la hoteli moja mjini, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wageni hawajaamka, mtu mzima akinywa maji ya dawa na kutapika. Wafagizi wa hoteli walimwita Kiboko. Hakujali. Jina lenyewe likawa kazi yake, kwa sababu kitu alichokuja kukijua Sylus kuliko mtu yeyote katika mto ule ni kiboko.

Aliwaambia wageni hivi kila safari, siku ya kwanza, wakiwa bado nchi kavu: kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Basi wewe kaa kwenye maji mafupi, kando, boti zifuatane. Ukikaribia kona, gonga ubavu wa boti kwa kafi, ngo, ngo, ngo, aliye chini asikie kuna mtu na atoe kichwa. Ukishahesabu vichwa ndipo upite. Na kama bwawa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, Sylus husimamisha kafi lake wima juu ya kichwa. Likisimama hivyo, kila mtu anaenda ukingoni na boti zinavutwa mchangani mpaka bwawa liishe. Kuuliza sababu ni ukingoni, si majini.

Akawa kiongozi wa safari zote za kampuni ile. Miaka kumi na miwili, hakuna mgeni aliyetoka damu isipokuwa ya mwiba. Nyumbani alikuwa mtu wa kuchekwa na kuku wake mwenyewe, mpole hivyo, lakini mtoni alisema mara moja na watu wakatii. Nadhani ndiyo maana aliupenda. Wakesho, mke wake, alikuwa akimwambia, "Mahindi yanakuita miezi mitatu husikii. Mto ukikuita siku moja, umeshafunga mfuko."

"Mahindi hayana haraka, mama."

"Na mimi je?"

Alicheka tu, akaenda.

Sasa, mwaka juzi, mwezi wa saba, walikuja wageni sita wa chama cha wapiga kafi kutoka Nairobi. Mkubwa wao kwa ujuzi alikuwa Tom, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyepita maji makali ya Naili kule Jinja zaidi ya mara moja, na alihakikisha kila mtu anajua. Alikuwemo dada mmoja, Cynthia, mwenye kamera ndogo juu ya helmeti. Msaidizi wa Sylus alikuwa Muinde wa Miasenyi, aliyeendesha boti ya mpira ya mizigo nyuma ya wote na kupika jioni. Muinde huyo alitolewa na Sylus kwenye kuuza maji ya chupa barabarani, akafundishwa kuogelea, akafundishwa mto, kona kwa kona.

Jioni ya pili, maji ya chai yakichemka, Tom alinyoosha miguu akasema, "Bwana Sylus, leo nimevuta boti kwenye mchanga mara nne. Nilikuja kupiga kafi ama kusukuma mkokoteni?"

Wenzake wakacheka. Sylus naye akacheka kidogo.

"Mara nne," akasema, "na miguu yako bado ni miwili."

"Mimi nimepita Jinja!"

"Jinja ni maji. Hapa kuna wenyewe."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Tom, na hilo Tom hakulipenda. Akasema, "Kwani wewe boti ikipinduka unaweza kuiinua ukiwa ndani? Nimekuangalia siku mbili. Hujui. Mtoto wa shule kwa chama chetu anajua. Sasa unatuongoza na nini, na woga?"

Ilikuwa kweli. Kuipindua boti na kuinuka nayo bila kutoka, Sylus hakuwahi kuweza. Alianza akiwa amekomaa, kiuno kilikataa.

"Tom, wacha," Cynthia akasema.

Sylus alimwaga chai yake mchangani, akamwambia Muinde azime moto vizuri, akaingia hemani. Akalala nalo neno lile.

Asubuhi walishika maji mapema. Kabla ya saa nne wakafika kona yenye bwawa pana, lile ambalo Sylus hakuwahi kupitisha mtu katikati. Aligonga ubavu wa boti. Vichwa vikatoka, kumi na kimoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Akasimamisha kafi. Boti zikageukia mchangani, moja, mbili, tatu. Ya Tom haikugeuka. Ilikwenda moja kwa moja katikati, kwa mwendo mzuri, kafi likiingia majini bila kelele.

Hapa ndipo pana kile kipande ambacho watu huacha. Desturi ya Sylus, mtu asipotii ishara, ni kumwita kwa jina papo hapo, kwa sauti ya kumwamsha marehemu. Siku ile alinyamaza. Si sana. Tom alipiga kafi mara mbili katika kimya kile. Moyoni Sylus alisema: acha mto umfundishe. Kisha akaita, "Tom!" na boti ya Tom ikainuka juu kama sinia.

Aliyeingia kumtoa ni Sylus mwenyewe, kwa kayaki ile ile asiyojua kuiinua. Alimshika ukosi akamburuta hadi mchangani, kiboko akiwa amebaki na nusu ya boti ya mgeni. Paja la kushoto la Tom lilikuwa limefunguka na mfupa umevunjika. Sylus alilifunga kwa kafi na kamba za hema, damu ikasimama. Muinde akapiga simu ya setilaiti kuita ndege.

Walipokuwa wanangoja, Sylus alipiga magoti kando ya Tom. Alichota maji ya mto kwa kiganja akayatia kinywani mwake mwenyewe.

Wazee wetu Wadawida wana jambo linaloitwa kutasa. Hasira ukiificha moyoni, walisema, haikai. Hutoka yenyewe ikamdhuru uliyemkasirikia, hata kama wewe hutaki tena. Dawa yake ni kuitoa kwa mdomo, mbele yake, na kuitaja. Unapuliza maji, unasema ulichobeba, unapuliza tena, unamtakia uzima. Makanisani hatusemi sana habari hizi, lakini mtoto akiugua na mjomba amenuna, utaona mtu anateremka njia kwenda kumtafuta huyo mjomba.

Sylus alipuliza maji. "Tom, nilikukasirikia. Nililala na hasira juu yako." Akapuliza. "Nilisema acha mto umfundishe. Nilinyamaza nilipotakiwa kukuita. Naitoa. Iende na maji, ikuache mguu wako, ikuache uhai wako." Akapuliza mara ya tatu.

Cynthia alikuwa ameiwasha kamera yake ukingoni, Tom alipotolewa. Iliyachukua maneno yote. Kafi lililosimama juu haikulichukua.

Baada ya wiki tatu Sylus aliitwa ofisini Voi. Tom alikuwa bado hospitalini Nairobi, mguu haujashika, na alikuwa ameandika kwamba hakuona ishara yoyote. Wale wenzake wengine walisema walikuwa wanaangalia viboko. Waligeuka kwa kufuata boti ya mbele. Meneja wa kampuni, Valarie, alifunga mlango, akamwekea soda, akamwonyesha ile video kwenye simu. Sylus alijitazama akipuliza maji. Alishangaa alivyozeeka.

"Mzee Sylus," Valarie akasema, "nisaidie nikusaidie. Kesho wanakuja watu wa bima na wa leseni. Andika hapa kwamba hayo yalikuwa maombi ya kimila tu. Maneno ya kawaida. Kwamba hukuwa na hasira na mgeni."

"Nilikuwa nayo, Madam."

"Nani amekuuliza kama ulikuwa nayo?"

"Ishara nilitoa. Hiyo niandike. Muulize Muinde, alikuwa nyuma, juu ya mizigo, aliona wote."

"Ishara tutaandika. Lakini hii ya hasira ifute. Ukiiacha, hakuna atakayesoma ishara. Leseni inaenda, na kazi siyo kwangu tu utakayoikosa. Kampuni za mto ni ngapi? Zote zitajua."

Sylus alikaa na kalamu mkononi. Wakesho aliniambia kwamba kitu pekee alichokuwa akiota usiku ule wote uliotangulia ni mto, akiongea usingizini, akihesabu vichwa.

"Mtu yuko hospitali, Madam," akasema mwishowe. "Mguu haujashika. Nikisema sikumkasirikia, nimeirudisha ndani. Itamwendea tena."

"Unaamini hivyo kweli? Wewe ni mtu wa kanisa."

"Hata kama siamini. Ni uongo pia."

Valarie akavuta karatasi yake taratibu. Sina la kumlaumu, alijaribu.

Kesho yake wakamwita Muinde mbele ya watu wa bima. Sylus alikuwa amekaa benchini kando. Wakamuuliza: uliona kiongozi akisimamisha kafi? Muinde akaangalia mikono yake.

"Mimi nilikuwa nashughulika na mizigo," akasema. "Kamba ilikuwa imelegea. Sikuona."

"Muinde," Sylus akaita, polepole.

"Sikuona, kaka."

Ikaisha hapo. Leseni ya Sylus ikachukuliwa kabla ya mwezi kwisha, na safari iliyofuata iliongozwa na Muinde. Mguu wa Tom ulishika. Anatembea, nasikia, kwa fimbo. Kwa Sylus hakuandika hata mstari.

Sylus alizunguka kampuni nyingine mbili. Ya kwanza walimpa chai. Ya pili, mlinzi alikuwa ameshaambiwa. Akarudi kwa mahindi yake, na watu wa huku, ambao si wabaya, wakaanza kumtania njiani, "Kiboko, leo umehesabu ngapi?" mpaka walipoona hacheki. Wakesho peke yake ndiye aliyemwambia la moyoni. "Kutasa ni kwa watu wanaojua kutasa. Wewe ulikwenda kuwapa wenye kamera."

"Alikuwa anakufa, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekukasirikia na nimekwambia."

Mwaka huu, mvua zilikuwa kubwa, mto ukahama. Mchanga uliokuwa kushoto uko kulia. Mwezi wa sita, Muinde alipanda Mbololo kwa bodaboda, amevaa fulana ya kampuni yenye neno KIONGOZI kifuani. Alikuwa na kilo mbili za sukari. Wakesho alimpokea, akampa kiti, akaiacha sukari pale alipoiweka. Sylus alikuwa shambani chini ya nyumba. Muinde akamfuata huko.

"Shikamoo, kaka."

Sylus akaendelea kulima.

"Nina watu wanane Jumatatu," Muinde akasema. "Nimekwenda kuliangalia lile bwawa. Sijui limekaaje sasa. Viboko siwaoni wanalala wapi." Akangoja. "Kaka, nina watoto wanne. Nilipewa nafasi yako, ningefanya nini? Hata ningesema, ile video ingekumaliza."

Hilo huenda lilikuwa kweli. Sylus akasimamisha jembe. Kisha akamweleza, kwa utulivu, kama alivyomfundisha zamani: mto ukihama, kina nacho huhamia chini ya ukingo ule uliomeguka, na viboko hukifuata. Asipite asubuhi na mapema, wanarudi kutoka malishoni. Ashushe watu mita mia tatu kabla ya kona, si mia mbili kama zamani, na avute boti upande wa mikoma. Agonge hata kama haoni kitu. Asiyetii aitwe kwa jina, papo hapo, asingoje. Alirudia hilo mara mbili, na Muinde akaitikia kwa kichwa mara mbili.

"Wageni hawana kosa," Sylus akasema.

"Asante, kaka. Mungu akubariki." Lakini hakuondoka. Yeye ni Mkamba, na Wakamba wana desturi zao, ila miaka yote hiyo na sisi alikuwa ameshazijua zetu. Alitazama debe la maji lililokuwa kwenye mpaka wa shamba, akamtazama Sylus. "Kwa hivyo huna hasira na mimi tena?"

"Ninayo."

"Basi itoe, kaka. Tafadhali. Naingia majini Jumatatu."

"Nimekupa mto," Sylus akasema. "Hii ni yangu."

Akainama, akaendelea na mstari wake wa mahindi. Muinde alisimama pale mpaka mwenye bodaboda akaanza kupiga honi huko juu.