Kumpa Mwenye Ng'ombe Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, Mkaguzi Mkuu hakunionyesha nyama. Alinionyesha mahali pa kusimama. "Mwenye ng'ombe akiwa hapa, wewe simama hivi," akasema, akinigeuza kwa mabega. "Mpe mgongo. Ukiona uso yake, kisu itatetemeka."

Ndivyo tulivyofanya kazi, vijana. Mkaguzi wa nyama hupasua tezi, vile vifundo vidogo vinavyovimba mnyama akiugua, kisha huchana ini kutafuta minyoo. Nyama ikiwa safi hupigwa muhuri. Ikiwa mbovu huikondemu, yaani huikataa isiliwe, nayo huzikwa. Nilikondemu ng'ombe wa watu wengi, wengine wakilia nyuma yangu, na jioni nikala nikalala fofofo. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia.

Baadaye nilihamishiwa ofisini katikati ya jiji, chini ya Afisa wa Mifugo, bwana mpole aliyependa chai kuliko mikutano. Huko nilishughulikia vibali vya mabucha, kutoka Kileleshwa hadi Kitisuru. Nilikichukia kile kiti. Kila mchana nilichungulia dirishani nikijiambia kwamba nikistaafu nitafuga ng'ombe wangu, nimkamue kwa mikono yangu, ninywe kilicho changu. Niliamini hapo ndipo nitatulia.

Nilistaafu, nikamnunua. Sikutulia hata kidogo. Akikataa kula, nami chakula hakishuki. Mvua ikinyesha, naamka kutazama boma. Mwanangu, anayefanya kazi benki na kuishi Kileleshwa, alinicheka. "Baba, maziwa iko supamaketi. Si upumzike tu?" Lakini wenzake wa ofisini wakija wikendi walisimama bomani wakipiga picha na kusema, "Mzee, wewe ndio umeomoka, umefaulu maisha. Hakuna bosi." Walinikera wote, kwa sababu sikujua nimuunge nani mkono.

Majuzi ng'ombe aliteleza kwenye mtaro akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe pale pale nyumbani. Majirani walifika na sufuria zao, mke wangu akawasha jiko. Mimi nilishika kisu, na kwa mazoea nikageuka kumtafuta mwenye ng'ombe ili nimpe mgongo. Mwenyewe nilikuwa mimi. Nikapasua tezi ya pafu, nikakuta vinundu vya manjano: kifua kikuu. Nikapasua ya ini, ikawa vilevile. Kwa wiki kadhaa alikuwa akikohoa, nami nikadhani ni vumbi.

"Baba Njoroge," mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "hapa si kichinjio. Ni ng'ombe yetu. Nani atakuuliza?"

"Imekondemiwa," nikasema. Neno hilo nimelitamka maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo nililisikia linavyouma. Nililia mbele ya majirani, mzee mzima, na sikuona haya.

Nyama yote tuliizika na chokaa. Kliniki walitupima vifua, tuko salama, maana maziwa tulikuwa tukichemsha. Mwanangu akapiga simu. "Sasa si umalizane na hiyo mambo, Baba?" Nikamwambia nimemaliza, na nilimaanisha. Kazi ya mshahara haikuwahi kuniliza hata mara moja. Zamani nilidhani hiyo ni kasoro yake. Usiku ule niliona ni raha niliyoichezea, na hata sasa nikiulizwa ni ipi kazi bora, hubadilisha jibu kati ya chai ya asubuhi na ya jioni.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, nilikuwa kwenye kipande chetu cha shamba, panga mkononi. Nilikata nyasi za napia, lishe ya ng'ombe, nikafunga mzigo, nikaubeba hadi bomani. Mke wangu alitoka jikoni akanitazama.

"Unalisha nani?"

Niliutua mzigo, nikarudi kukata mwingine.